Faili Zimekwenda Wapi? Utangulizi wa Kuchunguza Nakala Rudufu Kwenye Folda ya Mtandao

Kama umekabidhiwa kompyuta za ofisi, za shule, za zahanati au za duka, ukaambiwa uhakikishe kwamba data haipotei, utangulizi huu umeandikwa kwa ajili yako. Si lazima uwe mhandisi. Unahitaji kompyuta inayoendeshwa na Linux, uwezo wa kuandika amri chache kwenye terminali, yaani lile dirisha la kuiamuru kompyuta kwa maandishi, pamoja na subira ya kuuliza swali moja baada ya jingine.

Somo letu ni hili. Kompyuta moja inatakiwa kila usiku inakili faili zake kwenye folda iliyo ndani ya kompyuta nyingine, kupitia mtandao. Siku moja kazi hiyo inakwama. Au, na hili ni baya zaidi, haikwami: inaendelea kuripoti kwamba kila kitu ni shwari, ilhali faili haziendi kule zinakodhaniwa kwenda. Tutajifunza kuzitambua hali zote mbili na kuzirekebisha.

Katika yote yatakayofuata, ningependa ushike wazo moja: jina la folda si mahali. Jina lilelile, kwenye kompyuta ileile, leo laweza kuelekea diski ya mbali na kesho likaelekea diski ya hapohapo, na hakuna hata herufi moja itakayobadilika kwenye skrini. Atakayelielewa hilo vizuri hatababaishwa na mengi.

Tuanze na misingi

Nakala rudufu, ambayo maofisini wengi huiita bakapu, ni nakala ya pili ya data inayotunzwa mbali na ya kwanza, ili ya kwanza ikipotea kazi isisimame. Umbali ndio sharti lake. Nakala iliyo kwenye diski ileile haifai kitu diski inapokufa, na iliyo ndani ya kompyuta ileile haifai kitu kompyuta inapoibwa. Ndiyo sababu tunatumia mashine ya pili, tutakayoiita seva, maana yake kompyuta inayotoa huduma kwa nyingine. Ile inayoomba huduma tutaiita mteja.

Mteja na seva huelewana kwa itifaki, yaani kanuni zinazosema nani aanze kuzungumza, aseme nini, na ajibiwe vipi. Kwa folda za mtandao utakutana hasa na itifaki mbili. Ya kwanza ni NFS, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984 na kuzoeleka kwenye mashine za jamii ya Unix, ambamo Linux imo. Ya pili ni SMB, iliyobuniwa ndani ya IBM katika miaka ya 1980 na baadaye kuwa njia kuu ya Windows ya kushirikishana faili. Ili mashine isiyo ya Windows iweze kutoa huduma ya SMB, hutumika programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Andrew Tridgell alipokuwa mwanafunzi huko Canberra, Australia. Mtu huyohuyo, akishirikiana na Paul Mackerras, alitoa mwaka 1996 programu ya `rsync`, inayolinganisha folda mbili na kunakili kile tu kilichobadilika. Katika utangulizi huu tutaichukulia `rsync` kuwa ndiyo programu yetu ya kunakili, kwa sababu ipo karibu kila mahali palipo na Linux.

Sasa tufike kwenye dhana inayobeba somo zima. Katika Linux hakuna diski C wala diski D. Faili zote, popote zilipo, huonekana ndani ya mti mmoja wa folda unaoanzia kwenye alama `/`. Ukitaka diski mpya au folda ya mbali ionekane, huna budi kuipachika, yaani kuiambia Linux: "Kuanzia sasa, atakayefungua folda hii mwonyeshe yaliyomo kwenye diski ile." Folda unayoichagua kwa kazi hiyo ni sehemu ya kupachikia. Tuseme yetu ni `/mnt/bakapu`.

Fikiria uani panapoanikwa mpunga. Mkeka ukitandikwa, mpunga hukaa juu ya mkeka. Mkeka usipotandikwa, anayemwaga kwa mazoea bila kutazama atamwaga vilevile, pale pale, ila mpunga utakaa mchangani. Na mkeka ukija kutandikwa baadaye, punje zilizoanguka zitafichika chini yake, hazionekani, lakini zipo. Folda ya kupachikia ni ule uwanja na folda ya mbali ni mkeka. Programu ya kunakili humwaga mahali ilipoambiwa. Haiulizi kama mkeka upo.

Kosa la kwanza kulijua

Kwa kuwa dhana hiyo ndiyo msingi, tuone inavyoleta hasara. Tuseme umeme umekatika ofisini. Unaporudi, mteja na seva huwaka kwa pamoja, lakini mteja anatangulia kuwa tayari. Anaitafuta folda ya mbali, haipati, na kwa kuwa ameelekezwa asisubiri, anaendelea bila kuipachika. Folda `/mnt/bakapu` bado ipo, maana ni folda ya kawaida kwenye diski ya ndani. Saa ya kunakili inafika. Programu inaandika kwenye `/mnt/bakapu`, inamaliza, na inaripoti kwamba imefanikiwa. Taarifa hiyo ni ya kweli kabisa, ila faili zote ziko kwenye mashine ileile uliyotaka kuilinda.

Dalili zake zinafahamika. Programu iliyozoea kunakili faili chache zilizobadilika ghafla inanakili zote, kwa sababu mbele yake imekuta folda tupu. Diski ya ndani inaanza kujaa. Kwenye seva, nafasi iliyobaki haipungui. Ukiziona dalili hizi, andika:

`findmnt /mnt/bakapu`

Ikiwa folda imepachikwa, utaona mstari unaotaja seva na itifaki. Isipoandikwa kitu chochote, folda haijapachikwa. Amri ya pili, `df -h /mnt/bakapu`, hukuonyesha diski ambayo jina hilo linaielekea kwa sasa pamoja na nafasi yake. Nakusihi uzizoee amri hizi mbili kabla ya zote. Ndizo zitakazokuambia mahali halisi palipo nyuma ya jina.

Kinga ni rahisi. Kwenye seva, ndani ya folda ya nakala, weka faili dogo la alama, kwa mfano `.hii-ni-seva`. Kisha mwanzoni mwa skripti, yaani faili lenye orodha ya amri zinazofuatana, iagize kompyuta itafute faili hilo kwanza. Lisipoonekana, kazi isitishwe na utumiwe taarifa. Kipimo hiki kinafaa kwa sababu kinagusa seva yenyewe. Kwa ulinzi wa ziada, folda ikiwa haijapachikwa, tumia `chattr +i /mnt/bakapu`. Kwenye mifumo ya faili iliyozoeleka kama ext4, amri hiyo huifunga folda ya ndani isiandikwe na yeyote, hata na msimamizi mkuu, lakini haizuii folda ya mbali kupachikwa juu yake.

Ili mteja asishindwe tena baada ya umeme kurudi, rekebisha faili la `/etc/fstab`, linaloorodhesha vitu vya kupachikwa kompyuta inapowaka. Chaguo la `_netdev` huieleza Linux kwamba folda hii inahitaji mtandao kwanza. Chaguo la `x-systemd.automount` huahirisha kupachika hadi mtu au programu itakapoifungua folda, na hapo seva huwa imeshapata muda wa kuwaka. Mwisho, usisahau zile faili zilizoangukia diski ya ndani: ondoa kwanza folda ya mbali kwa `umount`, tazama kilichobaki chini yake, kihamishe au kifute, ndipo upachike upya.

Huenda utaniuliza: "Mbona mimi huifungua folda ya seva kwa kubofya tu, na inaonekana?" Ni swali zuri, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi hupotea. Kwenye mazingira mengi ya Linux, folda uliyoifungua kwa kubofya hupachikwa kwa ajili yako peke yako, chini ya `/run/user`, na hudumu muda ule tu uliomo ndani ya kompyuta. Ukitoka, inaondoka. Watumiaji wengine, hata msimamizi mkuu, kwa kawaida hawawezi kuisoma. Inafaa kwa kazi za mchana, lakini kazi ya usiku isitegemee kitu kilichofunguliwa hivyo.

Maswali sita kwa mpangilio

Tukishajua kwamba folda haikupachikwa au haiandikiki, twende kwenye sababu. Kosa la kawaida la anayeanza ni kurukia jibu: anabadilisha nenosiri, anawasha upya seva, anasakinisha programu nyingine, yote kwa mara moja, na mwisho hajui kilichoponya ni kipi. Njia nyoofu ni kupanda kutoka chini, na kutouliza swali la pili kabla ya kupata jibu la la kwanza.

La kwanza: je, seva inafikika? Amri ya `ping` ikifuatwa na anwani ya seva, mathalani `192.168.1.20`, hutuma ujumbe mfupi na kusubiri jibu. Lisipokuja, tazama kebo, swichi, na taa za seva yenyewe. Kumbuka pia kwamba ruta nyingi hugawa anwani upya zinapowashwa, kwa hiyo baada ya umeme kukatika seva yaweza kuwa imepewa anwani nyingine kabisa. Dawa yake ni kuitengea seva anwani moja ya kudumu kwenye mipangilio ya ruta. Ujue vilevile kwamba mashine nyingine zimewekwa zisijibu `ping`, hivyo ukimya peke yake si ushahidi kamili.

La pili: je, huduma inasikiliza? Kompyuta moja hutoa huduma nyingi, na kila huduma ina namba yake ya mlango wa mawasiliano. SMB hutumia mlango namba 445, na NFS hutumia 2049. Amri ya `nc -zv 192.168.1.20 445` hubisha hodi kwenye mlango huo. Seva ikijibu `ping` lakini mlango haufunguki, ama programu ya huduma imesimama, ama imezuiwa na faiawoli, yaani programu inayochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka.

La tatu: je, mnaelewana? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ujumbe wa kosa waweza kukupeleka pabaya. Itifaki ya SMB ina matoleo, na toleo la kwanza lina udhaifu mkubwa wa usalama. Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu huo. Mwaka huohuo toleo hilo liliacha kuwekwa moja kwa moja kwenye Windows 10 mpya, na Linux nayo, kuanzia kiini namba 4.13, iliacha kulitumia kama chaguo la kwanza. Kiini ndiyo ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayosimamia vifaa. Matokeo yake, mteja mpya anayekutana na kifaa cha zamani, au mteja wa zamani anayekutana na seva mpya, hawaelewani. Na ujumbe unaotokea mara nyingi ni "mount error(112): Host is down", maana yake seva imezimika. Anayeanza hukimbilia kuangalia kebo ilhali seva iko hewani na inajibu `ping`. Wewe uliyefuata mpangilio hutayumba: swali la kwanza na la pili yameshajibiwa, kwa hiyo utashuku toleo. Jaribu kulitaja wazi wakati wa kupachika, mfano `vers=3.0`, na kama kifaa ni cha zamani, kitafutie programu mpya badala ya kurudi kwenye toleo lenye hatari.

Hapahapa pana makosa mawili madogo. Ukiambiwa kwamba kuna chaguo baya na kwamba huenda unahitaji programu msaidizi, basi kifurushi cha itifaki hiyo hakijasakinishwa. Kwenye Debian na Ubuntu ni `cifs-utils` kwa SMB na `nfs-common` kwa NFS. Ukiona namba 2, "No such file or directory", kagua kwanza kama folda ya kupachikia ipo, kisha jina la folda ya seva. Kwa SMB unaandika jina ambalo folda ilisajiliwa nalo kwenye seva, mfano `//192.168.1.20/bakapu`, bila kutaja njia yake ndani ya diski. Kwa NFS, kwa kawaida, unaandika njia nzima, mfano `192.168.1.20:/srv/bakapu`.

La nne: je, unatambulika? Namba 13, "Permission denied", wakati wa kupachika SMB mara nyingi inahusu jina la mtumiaji au nenosiri. Usiandike nenosiri ndani ya `/etc/fstab`, kwani faili hilo husomwa na kila mtumiaji. Liweke kwenye faili la pembeni, lifunge kwa `chmod 600` ili lisomwe na mwenyewe tu, kisha ulitaje kwa chaguo la `credentials`.

La tano: je, unaruhusiwa kuandika? Kupachika kukifaulu hakumaanishi kwamba utaweza kuandika. Jaribu kwa `touch /mnt/bakapu/jaribio`, inayotengeneza faili tupu. Ikikataa, tofautisha itifaki. Kwa SMB, Linux huhitaji kuambiwa faili zihesabiwe kuwa za nani upande wa mteja, kwa chaguo za `uid` na `gid`. Kwa NFS, jambo linalowashangaza wengi ni kwamba msimamizi mkuu wa mteja, anayeitwa `root`, hana ukubwa huo kwenye seva. Kwa kawaida seva humshusha awe mtumiaji asiye na jina, ili mteja mmoja aliyevamiwa asiitawale seva nzima. Ulinzi huo huitwa `root_squash`. Hivyo kazi inayoendeshwa na `root` yaweza kukataliwa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa. Usikimbilie kuuondoa ulinzi. Mpe mtumiaji maalumu wa nakala umiliki wa folda ile kwenye seva, na uhakikishe namba yake ya utambulisho ni ileile pande zote mbili, kwani katika mpangilio wa kawaida NFS hutazama namba kuliko jina.

La sita: je, panatosha, na panafaa? Ujumbe wa "No space left on device" unasema nafasi imekwisha, lakini hausemi ni kwenye diski ipi. Rudi kwa `df -h`. Ikiwa nafasi inaonekana tele, jaribu `df -i` kwenye seva, maana mifumo mingi ya faili ina kikomo pia cha idadi ya faili. Ama kufaa kwa mahali, kumbuka kwamba seva ya SMB haiwezi kutunza kila sifa ya faili la Linux. `rsync -a` hujaribu kuhifadhi mmiliki, kikundi na ruhusa, na kwenye folda ya SMB huweza kujaza skrini kwa "chown failed: Operation not permitted". Yaliyomo kwenye faili huenda yamefika salama. Kilichokataliwa ni mabadiliko ya umiliki. Tumia `rsync -rt`, inayohifadhi folda na tarehe bila kugusa umiliki. Nayo majina ya faili yenye nukta pacha, alama ya kuuliza au kinyota, ambayo Linux huyakubali, Windows huyakataa.

Inafanya kazi mchana, inakataa usiku

Sasa tupande hatua moja. Umejaribu kwa mkono na faili zimefika. Umeipanga kazi ijiendeshe usiku, na asubuhi hakuna kitu. Usifadhaike. Kilichobadilika ni mazingira, na sababu zake ni chache.

Kazi za kujiendesha hupangwa kwa `cron`, programu inayoamsha kazi kwa saa uliyoiandika. `cron` huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, si kuanzia machweo kama tusemavyo sisi. Saa nane usiku huandikwa 2. Ukiandika 8 umepanga saa mbili asubuhi, wakati ofisi inafunguliwa. Kagua pia majira ya kompyuta kwa `timedatectl`. Mashine iliyowekwa kwenye majira ya UTC iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu, hivyo kazi ya 2 itaanza saa kumi na moja alfajiri.

Jambo la pili ni kwamba `cron` hutafuta programu kwenye folda chache sana kuliko terminali yako. Andika njia kamili, mfano `/usr/bin/rsync`. La tatu ni mtumiaji: kazi iliyo kwenye jedwali la `root` huendeshwa na `root`, na ruhusa zake si zako. Kwa hiyo jaribu kama mtumiaji yuleyule atakayeiendesha usiku.

La nne ndilo kubwa kuliko yote: kazi ya usiku haina skrini ya kulalamikia. Elekeza maneno yake yote kwenye faili la kumbukumbu, na utunze namba ya matokeo. Kila programu ya Linux inapomaliza huacha namba, na 0 maana yake imefaulu. `rsync` ikiacha 23, baadhi ya faili hazikunakiliwa kwa sababu ya kosa. 24 ni kwamba faili fulani zilitoweka wakati kazi ikiendelea, jambo la kawaida kwenye mashine inayotumika. 12 ni kwamba mazungumzo kati ya pande mbili yalivurugika. Usiridhike na "imeisha". Uliza imeisha na namba ngapi.

Inapokwenda polepole au kuganda

Wepesi unaweza kuupima kwa hesabu. Mtandao wa gigabiti moja hupitisha, katika hali nzuri, kama megabaiti 110 kwa sekunde, hivyo terabaiti moja huchukua takriban saa mbili na nusu. Mtandao wa megabiti 100 hupitisha kama 11, na kazi ileile huchukua zaidi ya saa ishirini na nne. Kebo ya gigabiti hutumia jozi nne za nyaya, ilhali ya megabiti 100 hutumia jozi mbili. Jozi moja ikikatika, vifaa vinaweza kushuka kimyakimya hadi 100. Amri ya `ethtool` ikifuatwa na jina la kadi yako ya mtandao itakuonyesha wepesi uliopo.

Pana pia sababu iliyojificha ndani ya `rsync`. Sifa yake ni kutuma vipande vilivyobadilika tu vya faili kubwa. Lakini folda iliyopachikwa, kwa macho yake, ni folda ya hapohapo, na kwa folda za hapohapo hunakili faili zima. Angalia jinsi wazo letu la jina na mahali linavyorudi tena. Ukitaka ule ufundi wake ufanye kazi, `rsync` iwepo pande zote mbili, mteja na seva zikizungumza kupitia `ssh`, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali.

Na kuganda je? Folda ya NFS, kwa mpangilio wake wa kawaida, seva ikipotea humfanya mteja asubiri bila kikomo. Huonekana kama ugonjwa, lakini ni tahadhari: bora kusubiri kuliko kuiambia programu kwamba imeandika wakati haijaandika. Lipo chaguo la `soft` linaloondoa subira hiyo, nami sikushauri ulitumie kwa nakala rudufu. Rejesha seva, na kazi iliyokuwa ikisubiri itaendelea.

Kipimo cha mwisho

Umefika mahali pa maana kuliko pote. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, inayotunza programu za maelfu ya watengenezaji duniani, ilipata ajali. Mhandisi akiwa katika kurekebisha tatizo alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata ya seva kuu, yenye takriban gigabaiti 300. Walipoziendea nakala rudufu zilizopaswa kutengenezwa kila siku, walikuta hifadhi yake ni tupu. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, kwa hiyo ilikuwa inashindwa. Barua pepe za kutoa tahadhari zilitumwa, lakini zilikataliwa na upande wa kuzipokea, hivyo hakuna aliyezisoma. Waliokolewa na nakala nyingine iliyokuwa imetengenezwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali, na kazi ya hizo saa sita kwenye hifadhidata ikapotea. Kampuni ilieleza yote hadharani, na tunapaswa kuwashukuru, kwa sababu funzo ni letu sote: wataalamu, vifaa na mipango vilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kujaribu kurejesha.

Kwa hiyo, uthibitisho wa nakala rudufu ni faili lililorejeshwa na kufunguka. Folda iliyojaa haithibitishi, na namba 0 haithibitishi. Ukijaribu kurejesha, unakuwa umejibu maswali yote sita kwa mara moja, tena kutoka upande wa pili.

Ukishazoea, endelea mbele. Jifunze kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Jifunze hatari ya chaguo la `--delete` la `rsync`, ambalo hufuta upande wa nakala kila kisichokuwepo upande wa asili. Folda ya asili ikiwa tupu kwa sababu haikupachikwa, nakala nayo itasafishwa. Jifunze pia kwa nini folda iliyopachikwa muda wote yaweza kuharibiwa na programu haribifu zinazofunga faili na kudai fidia: mteja akivamiwa, kila anachoweza kukiandika, na mvamizi anaweza. Haya yote yamejengwa juu ya misingi uliyokwisha kuipata.

Anza leo na zoezi moja. Chagua faili moja la kawaida, barua au jedwali la hesabu. Endesha kazi yako ya nakala. Hakikisha kwa `findmnt` kwamba folda ni ya mbali. Kisha, ukiwa kwenye kompyuta nyingine kabisa, lifungue faili hilo kutoka kwenye seva na ulisome hadi mwisho. Likifunguka, andika tarehe kwenye daftari na upange kurudia mwezi ujao, kwa faili jingine. Lisipofunguka, una swali la kwanza mkononi, na unajua pa kuanzia.